Wodini wananyanyua kwapani, nikikataa naitwa mvivu

SWALI

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi, mwaka wa sita kazini, wodi ya wanaume katika hospitali moja hapa Dodoma; jina lake naomba nilihifadhi. Wodi ina vitanda 28 na havikai vitupu: wagonjwa wa kiharusi, waliovunjika paja kwa bodaboda, wazee wa nimonia, waliopasuliwa tumbo. Usiku tunabaki wawili, mimi na mhudumu. Vitanda vya kuzungusha ni vinne, na viwili kati ya hivyo mkono wa kuzungushia umeng'oka. Vingine vyote ni vya chuma, vifupi. Godoro linanifika juu kidogo ya goti.

Kitanda namba 7 kuna mzee wa kiharusi, kilo kama 90, upande wa kulia haufanyi kazi. Tukimwegemeza kwenye mito ale uji, baada ya nusu saa ameshateleza, visigino vinagonga chuma cha mwisho. Tunampandisha kama tulivyowakuta wenzetu wanafanya: mmoja kulia, mmoja kushoto, mkono kwapani, moja mbili tatu, juu. Mzee analalamikia bega. Wiki tatu zilizopita, karibu na alfajiri, tulipomvuta nikasikia kiunoni kama kamba imechomoka. Tangu siku hiyo maumivu yanashuka kwenye tako la kushoto, na yakizidi yanafika nyuma ya paja. Mwenzangu akinionea huruma ananichoma diklofenaki, sindano ya maumivu, nimalizie zamu. Nimeshachomwa mara nne.

Nikamwambia dada mkubwa wa wodi kwamba yule mzee simnyanyui tena mpaka tuwe wanne. Akanijibu mbele za watu kwamba enzi zao mgonjwa kama huyo mtu alimbeba peke yake, sisi tumesomea kwenye simu. Tangu hapo jina langu ni mvivu. Ndugu wa mzee nao wakiona naita msaada wanadhani namkwepa baba yao. Mwanawe mmoja, kijana wa miraba minne, aliamua kumbeba mwenyewe kama gunia la mtama. Mfuko wa mkojo ulibaki umefungwa kitandani, katheta (mpira wa kutolea mkojo) ikavutika, mkojo ukatoka na damu.

Naomba mnisaidie. Je, kweli ni uvivu, au kuna uzito ambao muuguzi hapaswi kuuvuka? Watu wawili usiku, bila mashine, tufanyeje? Ndugu wa mgonjwa niwape nafasi gani? Na kiuno hiki, nikiripoti si nitaonekana natafuta kuhamishiwa kliniki ya nje?

Sista wa Zamu ya Usiku, Dodoma

JIBU

Dada, pole na zamu. Kiuno umekiuliza mwisho. Sisi tunaanza nacho, maana mengine yote yanakitegemea.

Maumivu yanayotoka kiunoni yakashuka takoni na nyuma ya paja mara nyingi ni ya neva iliyobanwa au kuchokozwa pale chini ya mgongo, kwenye diski (vile vijisahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo) mbili za mwisho zinazobeba uzito kuliko zote. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hivi bila kisu, mradi waendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku tano mfululizo kunakaza misuli na kuchelewesha kupona. Kuna dalili chache zisizosubiri asubuhi: mkojo au haja kubwa kutoka bila kujijua, mkojo kugoma, ganzi sehemu zile zinazokaa juu ya tandiko la baiskeli, au mguu kulegea. Jipime mwenyewe ukiwa kwenye korido: tembea hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa, muone daktari zamu hiyo hiyo. Na kama mgongo unakuja pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, pima kifua kikuu. Kinaingia hata kwenye pingili, na muuguzi wa wodi ya wanaume amekaa nacho karibu kuliko watu wengi.

Diklofenaki ya sindano haikuwekwa iwe posho ya zamu. Ni 75 mg kwenye msuli, haizidi 150 mg kwa siku, na haipaswi kupita siku mbili; baada ya hapo kama dawa bado inahitajika ni ya kumeza, tena kwa cheti cha daktari anayejua tumbo lako, figo zako na presha yako. Ubaya wake mkubwa kwako ni mwingine: inanyamazisha kengele. Saa 9 usiku umechomwa, saa 10 huusikii mgongo, saa 11 unarudi kunyanyua kilo zile zile kwa mtindo ule ule. Halafu mwenzako anakuchoma takoni, upande ule ule unaouma, mahali ambapo sindano ikikosewa inaikuta neva hiyo hiyo.

Sasa uzito. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, katika hesabu yake ya kunyanyua mizigo inaanzia kilo 23, na hizo ni za boksi lenye vishikio, lililo karibu na mwili, lisilogeuka. Mgonjwa si boksi. Anatetemeka, anashika shati lako, ana dripu. Ndiyo maana mwaka 2007 mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, alishusha kiwango cha kumnyanyua mgonjwa kwa mikono hadi kilo 16 kwa mtu mmoja, tena katika mazingira mazuri. Mzee wenu wa kilo 90 mkimgawana wawili ni kilo 45 kila mmoja. Mguu wake mmoja pekee una kama kilo 15, kwa hiyo yule anayeushikilia hewani dakika tano mwenzake afunge kidonda ameshamaliza kiwango chake kabla hajamnyanyua mtu yeyote.

Kwa nini umbali unaua kuliko uzito? Misuli ya mgongo inaishika pingili kwa mkono mfupi sana, sentimita 5 hivi. Ukishika kilo 10 zikiwa sentimita 50 mbele ya mgongo, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 100 ili usidondoke kifudifudi, na nguvu hiyo yote inaikandamiza diski. Kitanda kinachoishia gotini kinakulazimisha uiname na unyooshe mikono kwa wakati mmoja. Ongeza kujipinda kuelekea kichwani kwa mgonjwa, na hapo ndipo kamba yako ilipochomoka. Haikuwa siku ile peke yake. Ile ilikuwa siku ya kudai.

Kwa hiyo dada mkubwa anaposema walibeba peke yao, hasemi uongo. Walibeba. Na semina za "piga magoti, nyoosha mgongo" wamehudhuria pia. Tafiti zimerudia kuonyesha kwamba kufundisha mkao peke yake hakupunguzi maumivu ya mgongo kwa wanaonyanyua. Hata mkanda wa kiuno unaouzwa maduka ya dawa haujathibitika kumkinga mtu asiyeumia bado. Kinachosaidia ni kuacha kunyanyua: mgonjwa ateleze juu ya kitu, au ajisukume mwenyewe kwa kiungo alichonacho.

Kuhusu mkono kwapani hatuna maneno mawili: acheni, hata mkiwa sita. Kwa mgonjwa wa kiharusi misuli iliyokuwa inashikilia kichwa cha mfupa wa bega imelala. Ukimvuta kwapani unautoa mfupa kwenye kikombe chake taratibu, kila zamu kidogo. Bega analolilalamikia mzee ndilo hilo, na likishaharibika hata akipata nguvu ya mkono hataweza kuvaa shati. Makalio na visigino navyo vinakwaruzwa kwenye shuka, ngozi ya juu inabaki, nyama ya chini inavutika, na baada ya siku mnaandika "kidonda cha mgandamizo" mkidhani kimetokana na kutogeuzwa.

Swali ambalo wodi nyingi hazijiulizi ni hili: kwa nini anateleza? Ukiinua kiwiliwili peke yake, makalio hayana pa kuegama, yanashuka. Kabla ya kumwegemeza, kunja blanketi liwe gogo nene na uliweke chini ya mapaja, si nyuma ya goti ambako litabana mishipa. Magoti yapande kwanza, kichwa kifuate. Kama ni mojawapo ya vile vitanda viwili vizima, zungusha upande wa miguu kwanza. Kagua pia kama godoro lenyewe ndilo linaloteleza juu ya vyuma. Mara nyingi ndilo, na vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli vikifungwa kwenye vyuma vinalikamata. Mpandisheni kabla ya kula, mwacheni amekaa wima wakati wa kula na nusu saa baadaye ili uji usiingie kifuani, kisha mlazeni. Mkifanya hivyo mtampandisha mara tatu au nne kwa siku badala ya kila mpitapo.

Vifaa vya kumtelezesha mnavyo tayari. Chukueni shuka nzima ngumu, ikunjwe mara mbili, ilale chini yake kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja. Hiyo ndiyo shuka ya kuvutia. Ikiwa imechakaa, ishikeni wawili muivute kwa nguvu kabla ya kumwekea mtu. Ikitoa sauti ya kuchanika, ni ya kufutia sakafu. Chini yake itangulie nailoni ngumu inayofungashiwa godoro jipya, kipande cha mita 1 kwa mita 2, kikunjwe katikati, ili nailoni iteleze juu ya nailoni. Mnaiingiza kwa kumgeuza upande mmoja, kisha mwingine, kama mnavyobadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani.

Namna ya kumpandisha watu wawili. Mwambieni kwanza, hata kama haongei. Kiharusi kinachukua maneno, mara nyingi hakichukui masikio. Vuteni kitanda nusu mita kutoka ukutani, maana asiyepata pa kusimama ndiye atakayejipinda. Fungeni breki, au egesheni mguu wa kitanda kwenye kitu. Lazeni kichwa chini kabisa; kumpandisha mtu aliyeegemezwa ni kumsukuma mlimani. Mto mmoja uwekwe wima kwenye chuma cha kichwani asije akajigonga. Mfuko wa mkojo utangulie kulazwa pembeni yake, dripu iachwe na ulegevu wa kutosha. Kunjeni goti lake la kushoto, lile zima, kisigino kikanyage godoro penyewe. Kikiwa juu ya nailoni kitateleza na hatakuwa na pa kusukumia. Goti la kulia linakunjwa na kuegemezwa kwa mto. Kidevu kifuani.

Kila mmoja asimame usawa wa nyonga ya mgonjwa, mguu mmoja mbele, ncha ya kiatu ikielekea kichwani. Viringisheni ukingo wa shuka mpaka ngumi ziguse mwili wake, mkono mmoja bega, mkono mmoja nyonga. Kunjeni magoti, nyoosheni mikono. Mnapovuta, hamuvuti kwa mikono. Mnahamisha uzito wenu kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kama mtu anayesukuma bajaji iliyozimika. Atasogea sentimita 15 hadi 20. Pumzikeni, rudieni. Ukiona ngumi zako zinapanda juu ya godoro, ujue umeshaanza kunyanyua, shusha.

Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni hesabu. Mmoja anavuta kwenye "tatu", mwingine anavuta baada ya "tatu", na yule wa kwanza anabeba kilo zote kwa sekunde moja, ile inayochomoa kamba. Semeni "moja, mbili, vuta", na anayehesabu awe mmoja siku zote. La pili ni ndala na sakafu yenye maji. La tatu ni kusahau nailoni chini ya mgonjwa: atateleza mwenyewe kurudi chini, na atatokwa jasho mpaka ngozi ilainike. Ikishatumika inatoka, inafutwa kwa maji ya klorini ya 0.5%, inasuuzwa, inaanikwa, na kila mgonjwa awe na yake. Ikiangushwa sakafuni mtu anavunjika mguu.

Kumgeuza unaweza peke yako kama hajavunjika mfupa na hajitupi. Simama upande unaomgeuzia. Mkono wake wa mbali uje kifuani, goti la mbali likunjwe, kisha kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyuma ya nyonga, na umviringishe kuja kwako kwa kujirudisha nyuma. Kwa kuwa kitanda ni kifupi, panda goti moja kwenye godoro juu ya kitambaa safi; unakata umbali kwa nusu. Hauhitaji kumlaza ubavu kabisa. Mwinuko wa nyuzi 30, mto mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini ya paja, unatosha kuondoa uzito kwenye makalio, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko ile ya kumpindua mzima. Mkiunganisha kumgeuza, kumfuta na kubadilisha shuka viwe tendo moja, mnaokoa migeuko miwili.

Sasa wale wasiogeuzwa na mtu mmoja kabisa. Aliyegongwa na pikipiki ambaye shingo au mgongo haujapigwa picha anaviringishwa kama gogo: mmoja kichwani, ndiye anayeamuru na hafanyi kingine, watatu ubavuni, wa tano anaingiza shuka au kukagua mgongo. Wa traksheni, yule ambaye mguu wake uliovunjika unavutwa kwa uzito unaoning'inia, msimfungue uzito ili kumpandisha; anajivuta kwa kishikio cha juu kama kipo, na anayesaidia anafuata mstari wa mguu ule ule. Kama hamko watano usiku wa manane, asubiri wapatikane.

Na mpatikane vipi? Ongea na wodi jirani mkubaliane saa, si dharura. Saa 4 usiku, saa 8 na saa 11 alfajiri, wao wawili wanakuja kwenu, kisha nyinyi wawili mnakwenda kwao. Wazito wote wanapandishwa na kugeuzwa katika ziara hizo. Katikati unamalizia na nyuzi 30 peke yako. Wahamishieni wazito kwenye vitanda viwili vya kuzungusha vilivyo hai. Mara nyingi vinalaliwa na anayetembea kwenda chooni mwenyewe, kwa sababu tu aliwahi kufika.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti kwa huyu wa kiharusi kunaanzia upande wake mzima, kushoto. Kiti kikae pembeni ya kitanda kwa mshazari, breki zimefungwa, sehemu za kukanyagia zimekunjwa au kutolewa. Akae ukingoni kwanza dakika moja au mbili, miguu yote ikanyage sakafu. Aliyelala wiki nzima akisimamishwa ghafla presha inashuka na anakuangukia. Khanga iliyokunjwa kwa urefu mara nne, ikazungushwa kiunoni mwake, inakupa pa kushika badala ya kwapa. Kwa aliyepasuliwa tumbo usiitumie. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio yanapanda yenyewe. Goti lako lizibe goti lake bovu lisikunjike. Asikukumbatie shingo. Akianza kuanguka usimdake. Msogeze karibu, ateleze kwenye paja lako mpaka chini, mkono wako ulinde kichwa tu. Mgonjwa aliye sakafuni salama, amekaguliwa, anaweza kusubiri mtu wa tatu na wa nne na blanketi.

Ndugu wa mzee. Yule kijana alikuwa na nguvu na nia. Hakuwa na kazi aliyopewa, akajipa mwenyewe. Katheta ile imeshikiliwa ndani na puto lililojaa maji, kwa hiyo ikivutwa inachana njia ya mkojo. Mkojo ukiendelea kuwa mwekundu au ukiacha kutoka, daktari aambiwe. Kwa siku zijazo mpe kazi yenye jina: "Kaka, wewe shika mfuko wa mkojo, na huu mto ukiniona nimemgeuza uweke hapa." Uzito asiushike. Lakini msimfukuze, maana wiki mbili zijazo yeye ndiye atakayemgeuza baba yake nyumbani, pengine kwenye kitanda cha kamba au godoro la chini, bila sista. Mfundisheni kukunja goti, kuviringisha kwa khanga, kuweka mto. Siku ya kuondoka mfundisheni pia kumwingiza kwenye bajaji kwa kuanza na makalio, kichwa kikilindwa, miguu ikifuata. Ndugu akielewa kwamba kuita watu wanne ni kwa ajili ya bega la mzee wake, hatasema unamkwepa.

Lile jina la mvivu usilijibu kwa mdomo. Chukua daftari la kurasa 96, chora safu tano: tarehe na saa, namba ya kitanda, kazi iliyofanywa, watu waliokuwepo, kilichotokea. Wiki mbili zinatosha. Usiandike majina ya wenzako wala lawama. Kisha mfuate dada mkubwa mkiwa wawili, kabla ya zamu, si mbele za watu kama alivyofanya yeye. "Shikamoo dada. Naomba unisaidie jambo. Mzee wa namba 7 tumempandisha mara 41 wiki hii, na bega lake linatoka. Ningeomba tujaribu shuka siku tatu, wewe ndiye uhesabu." Weka namba ya kweli ya daftari lako, si hiyo yetu ya mfano. Mtu mzima akipewa kuhesabu, zoezi linakuwa lake.

Kutoka hapo peleka daftari kwenye kikao cha wodi, na kama hospitali yenu ina timu ya uboreshaji ya 5S (utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi), huko pia. Ombeni vitu vyenye bei: mikono miwili ya vitanda ichomelewe, shuka za kuvutia kumi za turubai laini, mita 1 kwa mita 1.4, zenye vishikio vilivyoshonwa mara mbili. Na vigogo vya mbao ngumu vya kuinulia vitanda vitatu, vinne kwa kila kitanda, vya sentimita 15 vyenye shimo la sentimita 5 mguu uzame. Vigogo ni kwa mgonjwa asiyeweza kushuka mwenyewe tu, na kamwe visiwekwe kwenye kitanda chenye magurudumu. Mashine ya kunyanyulia msianze nayo. Inahitaji kuingiza miguu yake chini ya kitanda, na vile vitanda vyenu vifupi vyenye vyuma chini haitapita, itaishia stoo. Ubaoni, mbele ya jina la kila mgonjwa, andikeni tarakimu: 0 anajigeuza, 1, 2, au 4. Zamu inayoingia ikikuta 4, hakuna wa kuitwa mvivu kwa kuwaita hao wanne.

Ripoti. Mwandikie inchaji wa wodi barua fupi: siku, saa, kitanda, ulichokuwa unafanya, ulichosikia mwilini, nani alikuwepo. Bakiza nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Wiki tatu zimepita, kwa hiyo iende wiki hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, WCF, unaowahusu wa serikalini na wa binafsi Tanzania Bara, kwa ajali na kwa maradhi yatokanayo na kazi. Madai hayo yanasimama juu ya karatasi. Sindano nne alizokuchoma mwenzako bila faili hazipo mahali popote. Nenda mapokezi ufunguliwe faili kama mgonjwa mwingine. Ukikwama, mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mahali pa kazi anajua njia.

Na kuhamishwa: usiombe kuhama, omba daktari aandike kazi nyepesi kwa wiki kadhaa, na ataje ni ipi. Kugawa dawa, kupima vipimo, kumbukumbu, mapokezi ya wodi. Asiandike tu "asinyanyue", kwa sababu kutafuta mshipa na kuweka dripu kwa mtu aliyelala kwenye kitanda cha gotini, umeinama dakika kumi, kunaikandamiza diski ile ile. Kwenye cheti hicho hicho aongeze stuli, uifanye kazi hiyo ukiwa umekaa.